MAMA ALIYENIFUNDISHA KUPIMA

Jumapili iliyopita sisi watoto watano wa mama mmoja tulikutana nyumbani kwetu Isongole, wilayani Rungwe, kumpongeza mama yetu mzazi kwa kutimiza mwaka mwingine wa maisha yake. Kuku wawili walichinjwa, ndizi zililetwa na wajomba kutoka Masoko, na mdogo wetu wa mwisho, ambaye anafanya kazi mjini Mbeya, alikuwa ameahidi kuja na keki. Siku chache kabla ya hapo, Mama alipopewa habari ya keki hiyo kwa simu, hakukataa wala hakufurahi. Aliuliza swali moja tu: "Mnaniadhimishia siku ipi?"

Swali hilo lilitunyamazisha sote, kwani hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa na jibu. Mama haijui siku aliyozaliwa. Bibi, aliyemzaa, hakuwa na kalenda, na wakati ule hakujua kusoma. Alichokumbuka ni kwamba usiku wa kuamkia tarehe 9 Desemba 1961, watu wa kijijini kwao walipokesha wakicheza ngoma kuusubiri Uhuru, binti yake alikuwa ndiyo kwanza ameanza kutambaa, na nusura aufikie moto uliokuwa umekokwa uwanjani. Tukihesabu kurudi nyuma, tunapata kwamba Mama alizaliwa kati ya Machi na Mei mwaka huo, wakati ambapo mvua za Rungwe hazimpi mtu nafasi ya kuanika hata kitambaa. Zaidi ya hapo hatujui kitu.

Naikumbuka siku alipokwenda kujiandikisha kupata kitambulisho cha Taifa. Mimi ndiye niliyemsindikiza. Karani, kijana mwenye adabu, alimwuliza tarehe ya kuzaliwa. Mama akataja mwaka. Kijana akaomba siku na mwezi. Mama akasema havijui. Kijana, ambaye bila shaka alikwisha kukutana na wazee wengi wa namna hiyo, akamweleza kwa upole kwamba achague siku yoyote anayoipenda. "Siwezi kuchagua, mwanangu," Mama akamjibu. "Nikisema Aprili nitakuwa nimesema nisilolijua." Mstari wa watu nyuma yetu ulikuwa mrefu, nami nikaanza kuona haya. Mwishowe karani aliandika tarehe mosi Julai. Mama akaitazama ile karatasi kwa muda, kisha akasema, "Haya, andika. Lakini ujue hiyo ni siku yenu, si yangu."

Wakati ule nilimwona mkaidi. Leo, nikiwa mtu mzima ninayeishi kwa kazi ya kuandika habari, naelewa kwamba mambo mengi aliyonifundisha mama yangu yalikuwa ndani ya jibu lile.

MSHALE WA MIZANI

Ili msomaji aelewe, sina budi kuanza na Bibi. Kule Masoko alikuwa na shamba dogo la kahawa chini ya migomba, kama ilivyo desturi ya sehemu hizo za Rungwe. Kila msimu alijitwika kahawa yake hadi penye mizani, akasimama kwenye mstari, akasomewa kilo zake, akahesabiwa fedha zake, akarudi nyumbani. Hakuwa na ushahidi wa kupunjwa, wala hakumtuhumu mtu. Kilichomkera ni kwamba mshale wa mizani ulisimama mbele ya macho yake mwenyewe, naye hakuweza kujua umesimama wapi.

Mwaka 1970, Mwalimu Nyerere alipoutangaza kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na madarasa ya kisomo yalipoenea vijijini katika miaka iliyofuata, Bibi alikuwa miongoni mwa waliojiandikisha. Darasa lilikuwa jioni, na njia ilikuwa ya giza. Mama, aliyekuwa amekatishwa shule akiwa darasa la tatu ili awalee wadogo zake, akapewa kazi ya kubeba chemli. Akawa anamfikisha Bibi darasani, anakaa nyuma kabisa na mdogo wake mgongoni, anangoja somo liishe. Katika kungoja huko akayachuma yale aliyoyakosa shuleni: kusoma, kuandika, kujumlisha, kutoa, na zaidi ya yote, kusoma vipimo.

Agosti 1975 mitihani ya kisomo ilifanyika nchi nzima. Bibi alifaulu. Mama hakupata cheti, kwani jina lake halikuwa katika orodha; yeye alikuwa mbeba taa tu. Lakini husimulia kwa fahari jinsi Bibi, msimu ule wa kahawa, alivyosimama mbele ya mizani akasoma kilo zake kwa sauti kabla karani hajafungua kinywa, na wanawake waliokuwa mstarini wakapiga vigelegele.

Huo ndio urithi aliokuja nao Mama alipoolewa Isongole. Wengi hudhani Rungwe yote ni moja, la hasha. Kutoka Masoko, penye joto na migomba, hadi Isongole, kati ya mlima Rungwe na safu za Uporoto, ni kama kuhamia nchi nyingine. Huku ni baridi na ukungu, na mwezi Juni na Julai asubuhi mtu hupuliza pumzi akaiona. Migomba haistawi kama kule. Mazao ya huku ni viazi mviringo, kabichi, njegere na pareto. Mama anasema mwaka wake wa kwanza alilia kwa baridi, na wa pili akajifunza kupanda viazi. Alijifunza kuinua matuta, kuchagua mbegu, na kuutambua mapema ugonjwa wa ukungu unaoyakausha majani na kuliacha shamba kama limepitiwa na moto.

NDOO YA TANO

Baba alifariki mwaka 1999. Nilikuwa na umri wa miaka tisa, na nyuma yangu walikuwapo wadogo wawili. Tangu hapo chakula, nguo na madaftari yetu vilitoka katika shamba la viazi lisilozidi ekari mbili. Sehemu ya mavuno tuliwauzia wafanyabiashara wa malori, na sehemu tuliiuza kwa ndoo kando ya barabara kuu, ile itokayo Uyole kwenda Tukuyu na kuendelea hadi mpakani Kasumulu. Baada ya masomo, kazi ya kuuza ilikuwa yangu.

Msomaji aliyewahi kusafiri kwa basi katika njia ile anazijua ndoo zile, zimepangwa mstari, kila moja ina kilima cha viazi vikubwa vilivyooshwa vikang'aa. Nilikuwa na miaka 12 nilipogundua siri ambayo watoto wenzangu walikuwa wakiijua siku nyingi: abiria hununua anachokiona, na basi halingoji. Ukiweka vidogo na vilivyokatwa na jembe chini, kisha vikubwa vichache juu, viazi vya ndoo nne vinaweza kuwa ndoo tano.

Siku hiyo Mama alinipa ndoo nne. Jioni nilimrudishia fedha za ndoo tano, shilingi 6,000, nikasimama nikingoja sifa. Alizihesabu mara mbili. "Nilikupa ngapi?" akaniuliza. Nikamweleza ujanja wangu wote, nikicheka. Hakunipiga, na laiti angenipiga pengine ningekwisha kusahau. Aliniuliza tu ni nani aliyenunua ile ndoo mbaya kuliko zote. Nikamwambia ni mama mmoja mwenye mtoto mchanga, aliyekuwa katika basi la kwenda Dar es Salaam.

Kesho yake alijaza ndoo moja kwa viazi vizuri mno, vile ambavyo kwa kawaida tuliviweka kwa mbegu. Akaniambia nikirudi shuleni nikasimame barabarani hadi basi lile litakapopita, nimpe kondakta, na kumwomba amfikishie yule mama. Nilisimama jioni tatu. Mvua ilininyeshea jioni mbili kati ya hizo. Watoto wenzangu waliokuwa wakiuza walinicheka hadi wakachoka. Jioni ya tatu basi likaja, likasimama, nami nikatoa maelezo yangu nikitetemeka. Kondakta alinitazama, akacheka sana, akaipakia ndoo.

Nilirudi nyumbani nikiwa na hasira. "Mama," nikasema, "yule kondakta atavila mwenyewe." Mama alikuwa akichochea moto. "Akivila, hilo ni lake," akajibu. "La kwetu tumelimaliza."

Ndoo yenyewe haikurudi. Wala zile shilingi 1,200 za ndoo ya tano hazikutumika kununua chochote cha nyumbani. Mama alizitoa sadaka kanisani Jumapili ile, akanituma mimi nizipeleke mbele kwa mkono wangu.

KILEMBA CHA GUNIA

Nisingependa msomaji adhani kwamba uaminifu wa mama yangu ulimletea mali. Ukweli ni kinyume chake, na sitauficha.

Mwaka 2006 nilikuwa kidato cha pili katika shule ya bweni. Ada ya bweni katika shule za Serikali ilikuwa shilingi 70,000 kwa mwaka, nasi tulikuwa tukiitegemea kutoka katika mavuno ya msimu. Lori likaja. Mfanyabiashara akataka magunia ya lumbesa. Kwa wasiojua, lumbesa ni gunia lililoshonewa nyongeza juu na kufungwa kwa kamba, likapanda kama mtu aliyevaa kilemba. Mkulima hulipwa bei ya gunia moja, ilhali ndani mna viazi vya gunia moja na zaidi, wakati mwingine karibu moja na nusu. Sheria ya Vipimo, Sura ya 340, ipo, na Serikali imekataza mara nyingi gunia kuzidi kilo 100. Lakini shambani, lori likiwa linanguruma na viazi vikiwa vimekwisha kuchimbwa, sheria huwa mbali na mnunuzi huwa karibu.

Mama akakataa. Akasema atauza magunia yaliyojaa sawasawa, mdomo umeshonwa, basi. Mfanyabiashara hakugombana naye. Alipanda lori lake akaenda kwa jirani. Kwa muda wa wiki tatu Mama aliuza viazi vile kwa ndoo, barabarani na kwa kuvipeleka Uyole, na vingine vikaozea ghalani. Nilichelewa kurudi shuleni kwa wiki hizo tatu. Nilipofika, wenzangu walikuwa wamemaliza mada mbili za hesabu, nami sikuzifahamu vizuri hadi leo.

Msimu uliofuata, lori lilipokuja, Mama alifunga lumbesa kama watu wote.

Nilimwuliza kwa nini, na nakiri kwamba niliuliza kwa kejeli, kama mtoto aliyemkamata mzazi katika kosa. Alikuwa ameshika sindano ya kushonea magunia. Hakuinua macho. "Mwanangu," akasema, "kuna siku maskini hawezi kuepuka kupunjwa. Kupunja mwenzake, hilo anaweza kuliepuka kila siku."

Maneno hayo nimeyatafakari kwa miaka mingi. Yana busara, lakini pia yana uchungu, na sidhani kwamba ni haki kuyasifu na kuuacha uchungu wake. Uaminifu wa mwanamke mmoja hauwezi kushindana na lori. Hapana shaka kwamba Bibi alipata heshima mbele ya mizani kwa sababu mizani ilikuwapo, na kwa sababu kulikuwa na darasa lililomfundisha kuisoma. Pale ambapo wakulima hawajaungana kuuza kwa pamoja, na mizani haipo shambani, mtu mwema hubaki na wema wake na hasara yake. Ndugu msomaji wa mjini, unapokutana na gunia lenye kilemba sokoni, kumbuka kwamba kilemba kile ni jasho la mtu ambalo halikulipwa. Na huenda ndani yake imo ada ya mtoto.

ULIWAHESABU?

Baada ya kidato cha sita nilisomea stashahada ya uandishi wa habari. Gazeti nililoanzia kazi, nikiwa bado mwanagenzi, lilinituma kuandika juu ya mkutano wa wakulima waliokuwa wakilalamikia barabara mbovu ya kutolea mazao mashambani. Walikuwa wapata 40. Niliandika "mamia ya wakulima". Habari ilipewa nafasi ukurasa wa kwanza, jina langu likiwa juu yake kwa mara ya kwanza. Nilinunua nakala mbili, moja nikampelekea Mama.

Alivaa miwani, akasoma polepole, kidole kikifuata mistari, kama alivyojifunza nyuma ya darasa la Bibi. Nilikaa nikimtazama, nikingoja sifa kama siku ile ya ndoo ya tano. Alipomaliza akarudi juu, akaweka kidole kwenye neno moja.

"Uliwahesabu?"

Nikamwambia kwamba huo ni usemi tu wa magazeti, kwamba msomaji huvutwa na habari kubwa. Mama akavua miwani. "Hata vile viazi vikubwa vya juu," akasema, "vilikuwa vya kuwavuta watu tu."

Sikuwa na la kusema. Kero ya wale wakulima ilikuwa ya kweli. 40 walitosha kabisa kuieleza. Mimi ndiye niliyeijaza ndoo kwa viazi vidogo, nikawaaibisha, kwani mtu yeyote aliyekuwapo angeweza kusema kwamba habari nzima ni ya uongo. Nilirudi kazini nikamweleza mhariri. Alinionya vikali, kisha akaruhusu sahihisho, likatoka ukurasa wa ndani, mistari mitatu. Nilimpelekea Mama nakala. Ile habari ya ukurasa wa kwanza sijui iliishia wapi. Nadhani ilifungia sabuni. Lakini mistari mitatu ya sahihisho aliikata kwa kisu cha jikoni, akaiweka katika sanduku lake la khanga, pamoja na vyeti vyetu vya shule. Imo humo hadi leo.

Tangu hapo sijawahi kuandika idadi ambayo sikuihesabu au ambayo hakuna aliyenihesabia. Nimekosea katika mengine, lakini si katika hilo.

SIKU ISIYO NA TAREHE

Nirudi Jumapili iliyopita. Swali la Mama la siku ipi aliliondoa yeye mwenyewe, baada ya kuona tumeshindwa. "Kama siku hamna, msiseme siku," alituambia. "Semeni mwaka. Mwaka mnao." Basi keki ilipofika haikuwa na tarehe. Iliandikwa: HONGERA MAMA, 1961.

Alikabidhiwa kisu akate. Kabla hajakata aliinuka, akahesabu watu waliokuwamo ndani, akatoka nje akawahesabu watoto wa majirani waliokuwa wakichungulia dirishani, akarudi akakata vipande 27, na mtu hawezi kusema kipi kilikuwa kikubwa. Cha kwake alikichukua mwisho.

Jioni, tulipokuwa tukijiandaa kuondoka, alitufungia viazi, kila mmoja ndoo yake. Ya kwangu ilikuwa na kilima kizuri juu. Nikasema kwa utani, "Mama, na huku chini je?" Wote wakacheka, kwani kisa cha ndoo ya tano kinajulikana kwetu na hata kwa wajukuu. Mama hakucheka. Aliichukua ndoo, akaimimina yote juu ya mkeka, akavitawanya viazi kwa kiganja ili nivione. Vya chini vilikuwa sawa na vya juu. Kisha akavirudisha, kimoja kimoja.

Wako akina mama wengi wa namna hii katika nchi yetu, waliozaliwa bila tarehe na kulea bila kusifiwa. Wengi wao wamepita miaka 60 sasa. Kama wako yu hai, usingoje kalenda ikuonyeshe siku. Mwendee, na umwulize alizaliwa wakati wa tukio gani, akusimulie. Na akikusimulia, andika.

Hongera, Mama. Ndaga fijo.